Kama unashika hela za watu, usiwe na kopi moja

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, leo siongelei kupiga picha za bidhaa, wala siongelei yule mteja anayeuliza bei kisha anaingia mitini. Leo naongelea ile laptopu iliyoko nyumbani kwako, ile unayofungua usiku watoto wakishalala, unaandika nani kalipa, nani bado, na mzigo wa nani umetoka.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Ukipokea hela ya mteja kabla hujampa mzigo, na kumbukumbu ya hiyo hela ipo sehemu moja tu, basi unacheza bahati nasibu kwa hela ya mtu. Najua ni kauli kali. Ngoja niieleze.

Watu wengi wakisikia habari ya kuhifadhi nakala wanafikiria picha za harusi na miziki. Wanaona ni mambo ya watu wa maofisini. Lakini hebu fungua laptopu yako sasa hivi uangalie kuna nini. Kuna orodha ya oda. Kuna majina na namba za wateja, na sehemu wanazokaa ili bodaboda asipotee. Kuna picha za bidhaa ulizozipiga kwa jasho. Kuna risiti za mzigo. Na wengi wetu siku hizi tuna wateja wa kulipa kidogo kidogo: anataka friji, analeta elfu ishirini leo, elfu thelathini mwisho wa mwezi, mpaka ifike. Hiyo orodha ndiyo biashara yenyewe. Laptopu ni chuma tu.

Mtaani kwetu kuna dada anauza vyombo na mashuka kwa mtindo huo wa kidogo kidogo. Laptopu yake iliibiwa kwenye daladala. Alilia, lakini hakulilia laptopu. Alilia kwa sababu alikuwa na wateja zaidi ya thelathini wanaolipa nusunusu, na hakujua tena nani kafika wapi. Ikabidi apige simu mmoja mmoja, "Samahani dada, hivi ulikuwa umeshalipa shilingi ngapi?" Fikiria wewe ndiye mteja, umepigiwa simu hiyo. Wapo waliosema ukweli. Wapo waliotaja hela ambayo hawajawahi kulipa. Na wapo waliotaka hela yao siku hiyohiyo, kwa sababu imani ilishakatika. Mwizi alichukua kitu kimoja, ila hasara ikawagusa watu thelathini.

Ndiyo maana nasema hili sio suala la kompyuta. Ni suala la amana.

Sasa nazijua sababu zetu, maana nazisikia kila siku.

Kuna anayesema, "Vitu vyangu vyote vipo WhatsApp." Sawa, lakini kutafuta malipo ya miezi 4 iliyopita katikati ya meseji za wateja mia mbili, hiyo ni kutafuta sindano kwenye mchanga. Halafu kwa simu za Android, tangu mwaka 2024 nakala za WhatsApp zinahesabiwa kwenye ile nafasi ya bure ya Google, ambayo ni GB 15 pamoja na barua pepe na picha zako. Ikijaa, nakala mpya haziingii. Wengi wanaona lile onyo kila siku wanalipitisha tu.

Kuna anayesema, "Mimi picha zinaenda zenyewe Google." Vizuri, ila elewa inavyofanya kazi. Ile inafananisha simu yako na kilichopo kule. Ukifuta picha kwenye programu ya Google Photos, inafutika na kule, inakaa kwenye pipa la taka siku 60, halafu imekwenda. Na kuna suala la bando. Chukua picha 10,000 za MB 4 kila moja, hiyo ni GB 40. Kuzipandisha zote unakula bando la GB 40. Kwa diski ya nje, GB 40 hizohizo zinahama mezani kwako bila bando hata la mia, na mara nyingi hata saa moja haifiki.

Kuna anayesema, "Mimi bado mdogo, nitafanya nikikua." Huyu ndiye ninayebishana naye zaidi. Kampuni kubwa ikipoteza kumbukumbu ina wanasheria, ina bima, ina akiba benki. Wewe una jina lako tu. Likichafuka kwenye mtandao, hakuna tawi lingine la kukimbilia.

Na hao wakubwa wenyewe yanawakuta. Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa inatengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2. Ikatolewa amri ya kufuta kwenye kompyuta zao, kazi ya watu wengi ikaanza kupotea mbele ya macho yao. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta haziko sawa na hakuna aliyekuwa amegundua. Kilichowaokoa ni mama mmoja wa kazini kwao, Galyn Susman, ambaye alikuwa na mtoto mchanga na anafanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na kopi. Wakaifunga blanketi wakaibeba kwenye gari kama yai. Filamu ikatoka mwaka 1999.

Hapo kuna masomo mawili ya bure. La kwanza, nakala ambayo hujawahi kuifungua ukaijaribu, usiihesabu. La pili, kopi iliyowaokoa ni ile iliyokuwa jengo lingine.

Haya, tufanyeje? Mimi nimeishia form four, kompyuta nimejifunza YouTube na kwa kubofyabofya, kwahiyo nitakwambia kama ninavyofanya dukani kwangu.

Nunua diski ya nje, sio flashi. Flashi ni nzuri ya kupeleka kazi stesheni kuprinti, ila ni ndogo, inapotea mfukoni, na watu wanaazimana inarudi na virusi. Diski ya TB 1 inatosha kabisa. Ukipiga hesabu ya picha za MB 4, inaingiza kama picha laki mbili na nusu. Na kuwa makini na zile diski ndogondogo zinazoandikwa TB 16 kwa bei ya kutupa. Nyingi zimechezewa: kompyuta inasoma TB 16 lakini ndani nafasi ni ndogo sana, ukishapita hapo mafaili mapya yanaharibika kimyakimya. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza diski halafu inaisoma tena kuhakikisha. Nunua sehemu yenye risiti, ijaribu kabla hujaiamini.

Jua pia kwamba diski nyingi za bei ya kawaida ndani zina sahani inayozunguka kwa kasi. Ikiwa inafanya kazi usiisogeze, usiiweke ukingoni mwa kitanda, na kabla ya kuchomoa iambie kompyuta kwanza kwamba unaitoa. Ukisikia inagonga kaka-kaka-kaka, acha mengine yote, toa vitu vyako kwanza.

Tengeneza folda moja tu ya biashara. Oda humo, malipo humo, picha humo, risiti humo. Vitu vikiwa vimetapakaa mezani mwa kompyuta, kwenye downloads na kwenye simu, siku ya kunakili lazima usahau kimoja, na kitakuwa kilekile kinachotakiwa.

Chagua siku. Mimi ni Jumapili jioni. Nachomeka diski, natengeneza folda mpya yenye tarehe ya siku hiyo, nanakili folda yote ya biashara. Usibandike juu ya kopi ya wiki iliyopita. Sababu ni hii: faili la malipo likiharibika Jumatano bila wewe kujua, halafu Jumapili ukalibandika juu ya lile zima, umejifutia mwenyewe. Ukiwa na folda zenye tarehe unarudi nyuma kama mtu anayefunua daftari. Ukibakiza za wiki 4 na moja ya kila mwezi inatosha, za zamani futa.

Ukitaka ijiendeshe, Windows ina kitu kinaitwa File History, kipo tangu Windows 8. Ukikiwasha na diski ikiwa imechomekwa, kinanakili mabadiliko kila saa. Ila kinachukua zile folda zake za kawaida, kama nyaraka, picha na desktop. Kama folda yako ya biashara umeiweka kwenye D, usidhani imo. Wenye Mac wana Time Machine.

Ukimaliza, chomoa. Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengine wanaosema iache imechomekwa muda wote. Kuna virusi vinavyofunga mafaili halafu vinadai hela. Mwezi Mei 2017 kilitembea kimoja kinaitwa WannaCry, kikaingia nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 za kuanzia. Virusi vya namna hiyo vinafunga kila diski inayoonekana kwenye kompyuta, na diski yako ikiwa imechomekwa nayo inaliwa. Na wengi wetu tunatumia laptopu za mtumba zenye Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Diski iliyoko kabatini hakuna kirusi kinachoifikia.

Halafu iweke mbali na laptopu. Ukiziweka kwenye begi moja, mwizi anachukua zote mbili na anakushukuru. Wenye maduka mnakumbuka moto wa soko la Kariakoo, usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Moto hauchagui hiki ni mzigo hiki ni nakala. Laptopu ikikaa dukani, diski ilale nyumbani. Ukiuzia nyumbani, mpe dada yako au mama akutunzie, uwe unaichukua Jumapili unairudisha Jumatatu. Na lile faili dogo la madeni na malipo, ambalo hata MB 1 halifiki, jitumie kwa barua pepe kila wiki. Hapo mtandao una kazi nzuri, na bando hulisikii.

Mwisho wa mwezi, ijaribu. Fungua diski kwenye kompyuta nyingine, chagua faili moja la malipo na picha tano, angalia kama zinafunguka. Dakika tano. Ukipita mwezi mzima bila kufanya hivyo, wewe na Pixar wa 1998 mko sawa.

Kitu kingine ambacho hatukisemi sana ni kwamba diski yenyewe ni siri za watu. Ina namba za simu na makazi ya wateja wako. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Hata bila sheria, heshima tu inatosha. Faili la Excel unaweza kuliwekea pasiwedi bila gharama yoyote, na pasiwedi hiyo iandike sehemu, sio juu ya diski. Na kwa wale mliosajiliwa kodi, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. "Laptopu iliharibika" sio jibu utakalopenda kulitoa mbele ya afisa.

Najua kuna atakayesema hela ya diski ni bora aongeze mzigo. Naheshimu, mtaji ni mgumu. Lakini mbona taa ya kupigia picha tulinunua? Mbona hela ya kulipia matangazo inapatikana? Vyote hivyo vinaleta wateja wapya. Diski inawatunza wale ambao tayari wamekupa hela yao. Kwa mtazamo wangu, hao ndio wa kwanza. Kama hela ya diski kweli haipo wiki hii, anza na daftari: kila Jumapili nakili majina na malipo kwa kalamu. Ni kopi ya pili, na inakaa nje ya laptopu.

Mteja anayekutumia elfu hamsini bila kukuona uso ameamini kwamba umeandika, na kwamba ulichoandika hakitapotea. Yeye hajui kama una diski au huna, na hatakuuliza. Wewe unajua.

Jumapili hii jioni, kabla hujaposti mzigo mpya, nakili folda yako. Kisha mtumie na mwenzako anayeuza kidogo kidogo, huyo ndiye anayehitaji zaidi. Biashara njema.