Shujaa wa Hadithi Si Lazima Awe Mtu wa Kuigwa

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne shujaa ni nani. Atakuambia: jasiri, mwadilifu, kielelezo chema kwa jamii. Tulilishwa hivyo tangu Fumo Liyongo, yule jitu ambaye hakuna kilichomuua ila sindano ya shaba kitovuni, hadi zile riwaya za shule ambapo kijana maskini anasoma kwa bidii, anawaumbua mafisadi, kisha anaoa. Tamu, sikatai. Lakini ni lini mara ya mwisho ulikaa na huyo kijana kwenye matatu?

Mimi aliyenishika ni mhudumu wa duka. Anaitwa Keiko Furukura, mhusika mkuu wa Convenience Store Woman, riwaya ya Mjapani Sayaka Murata iliyoshinda tuzo ya Akutagawa mwaka 2016. Keiko ana miaka 36, hajaolewa, hana mpenzi na wala hamtafuti. Kwa miaka 18 amefanya kibarua kwenye duka dogo la Tokyo lisilofungwa usiku wala mchana. Anaiga mavazi na sauti za wenzake kazini ili aonekane mtu wa kawaida. Jamaa zake wanamwona kama kifaa kilichoharibika, wanatafuta pa kukirekebishia. Basi anamkaribisha kwake Shiraha, mwanamume mvivu, mdomo mrefu, ili tu watu wanyamaze. Na kweli wanafurahi! Hakuna anayejali kama huyo msee ana faida yoyote. Mwisho wake sitakuambia, ila usingoje harusi.

Kwani hii si Nairobi? Una kibanda chako cha M-Pesa, kodi unalipa, hudaiwi na mtu. Lakini kila ukienda matangani, shangazi anakuvuta kando: "Sasa wewe, utatuletea nani?"

Nigeria nako kuna Korede, muuguzi wa Lagos katika My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite (2018). Mdogo wake anaua wapenzi wake, naye Korede anafika na dawa ya kusafishia damu. Si mtu mwema. Ila nilipofika katikati ya kitabu nilijikuta naomba polisi wasimpate, na hilo likanifanya nijiulize maswali kuhusu ndugu zangu mwenyewe.

Usidhani haya ni mambo ya kigeni. Euphrase Kezilahabi alituandikia Rosa Mistika mwaka 1971: msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo ya baba mlevi, kisha akaachiliwa kwenye uhuru ambao hakuna aliyemfunza kuushika. Tanzania ilikipiga kitabu hicho marufuku shuleni. Mwaka 1973 Meja Mwangi naye akatoa Kill Me Quick, vijana wawili wenye vyeti vya shule wanaokula kwenye mapipa ya taka ya vichochoro vya Nairobi hadi wanaingia kwenye uhalifu. Miaka zaidi ya 50 imepita. Nani hawajui Maina na Meja wa mtaani kwake?

Najua hoja ya walimu: mtoto wa miaka 15 ataiga. Sijaona aliyemaliza kitabu cha Rosa akitamani kuwa Rosa. Unatoka umemkasirikia Zakaria, babake. Shida yenyewe, nadhani, ni soko. Hapa Kenya kitabu cha Kiswahili kinauzwa zaidi shuleni, kwa hivyo mchapishaji anataka mhusika asiyeweza kumtia mashakani. Hasara ni yetu, sisi tuliomaliza shule na bado tunataka kusoma kwa lugha yetu. Tukikosa, tunahamia Kiingereza, kama nilivyofanya mimi kumpata Keiko.

Mwaka juzi nilipeleka hadithi kwa mhariri mmoja. Jamaa anabeti kwenye simu kila jioni, anakopa kwa uongo, mamake anamwombea, na hashikwi. Ikarudi na swali moja: "Mafunzo yako wapi?" Nikaongeza ukurasa, jamaa akafungwa, akatubu. Ilichapishwa. Ni hadithi mbovu kuliko zote nilizowahi kuandika.

Ile ya kwanza bado iko kwenye simu yangu. Mhariri mwenye moyo wa kuitoa jinsi ilivyo, nitamtumia leo hii.