Kazi ya mgodi haiko mazoezi

Mwambie mchimbaji wa Ruashi ao wa Kipushi atembee kwa miguu nusu saa kila siku kusudi alinde ubongo wake, atakujibu palepale: "Miye ninachoka na kazi, na weye unanituma nitembee tena?" Jibu hilo tunalisikia mara mingi, na hatulicheki. Mtu aliyeshinda saa 12 kwenye vumbi ana haki ya kukaa. Lakini AVC, ile Kiswahili inaita kiharusi, haiulizi kama mtu amechoka.

Kiharusi ni hivi: mshipa unaopeleka damu kichwani umezibika, ao umepasuka. Ubongo hauna ghala ya kuweka akiba. Mshipa mkubwa ukizibika na dawa haipo, chembe karibu milioni 1.9 za ubongo zinakufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa kutolewa mbele ya saa 4 na nusu kupita, na kwanza lazima kichwa kipigwe picha ya skana, kwa sababu kama mshipa umepasuka dawa hiyo inaua. Sasa tuhesabu pamoja. Kutoka Kipushi mpaka hapa mjini ni kama kilometa 30. Motoka haipatikani usiku. Franga za kuweka mbele ya lupitalo hazijakusanyika. Tena kuna wajomba wanasema "balimutupia kitu", mgonjwa anapelekwa kwanza kwenye chumba cha maombi. Saa 4 na nusu zimekwisha, hata skana hajaiona. Njo maana sisi wa Lubumbashi tunahitaji ubongo uliojitayarisha mapema kuliko hata watu wa Ulaya wenye ambulansi mlangoni.

Na ubongo unaweza kujitayarisha. Mwaka 2018 waganga wa Göteborg, kule Sweden, walitangaza habari za wagonjwa 925 wa kiharusi. Waliwauliza: mbele ya ugonjwa ulikuwa unatembea? Katika wale waliokuwa wanakaa tu, kama 73 kwa 100 walipata kiharusi chepesi. Katika wale waliokuwa wanatembea walao saa 4 kwa juma, kama 85 kwa 100. Wale wa mazoezi ya nguvu zaidi, saa 2 ao 3 kwa juma, walifika 89, ingawa hao walikuwa wachache sana. Mtu mwenye akili atasema: waliulizwa wakiwa wameisha kugonjwa, labda walisahau, ao walijisifu. Ni kweli. Lakini panya hawajisifu. Mwaka 2003 watafiti wa Berlin waliacha panya wakimbie majuma 3, kisha wakawazibia mshipa wa kichwa. Kidonda cha ubongo kikawa kidogo kuliko kwa panya waliokaa. Sababu waliiona kwenye ngozi ya ndani ya mshipa: damu ikipita kwa nguvu mara kwa mara, ngozi ile inatoa hewa fulani, nitriki oksidi, inayofungua mshipa. Siku njia kubwa inafungwa, damu inapenya zaidi mpaka pale penye njaa.

Turudi kwa yule anayesema kazi inatosha. Watafiti wa Denmark wamelifuata swali hilo miaka mingi, na wanaona kwamba jasho la kazi nzito haliletee mwili faida ile ya jasho la mchezo. Ukinyanyua mfuko wa mawe unabana pumzi, tansio inapanda. Unaunyanyua tena, na tena, mpaka jioni, kwenye joto na maji kidogo, na moyo haupate nafasi ya kupumzika. Kutembea kwa haraka ni kitu ingine: miguu inavuta damu, moyo unakimbia kiasi, halafu unatulia. Isitoshe, wengi wetu hatuchimbi tena kwa mikono. Shofere wa lori kubwa anakaa poste nzima, mkono tu unazunguka. Wazee wa kambi za Union Minière walienda kazini kwa miguu ao kwa kinga. Leo basi ya kampuni inatuchukua karibu na mlango na kuturudisha pale pale, kwenye bukari na makayabu yenye chumvi, na Simba baridi kando. (Kushangilia Mazembe umekaa na chupa mkononi, hiyo haihesabiwe.)

Tansio njo adui wa kwanza. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2016, katika nchi 32, na wagonjwa zaidi ya 13,000, uliiweka mbele ya sababu zote za kiharusi, na ukosefu wa mazoezi ulikuwa ndani ya zile sababu 10 kubwa. Tansio haiumi. Kutembea kunaishusha kiasi, lakini mwenye kidonge asikiache, na aliye na tansio ya juu sana apimwe mbele ya kuanza kukimbia. Na mama anayekaa kwenye meza yake sokoni Kenya toka asubuhi mpaka jioni, maneno haya ni yake pia.

Shirika la afya la dunia linaomba dakika 150 mpaka 300 kwa juma: nusu saa, siku 5. Si mingi. Lakini tutembee wapi? Barabara hazina njia ya miguu, pikipiki zinatugusa viwiko, vumbi la malori linaingia kifuani. Kumwambia mfanyakazi "fanya mazoezi" na kumwachia barabara kama hiyo, tunaona ni kumcheka.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wa makampuni vitu viwili vya bei ndogo. Tansio ya kila mtu ipimwe mlangoni kila mwezi, pamoja na ya shofere na ya wafanyakazi wa makampuni madogo yanayokodishwa. Na uwanja wa kampuni ufunguliwe asubuhi ya siku ya mungu kwa familia zote, si kwa timu peke yake. Wajumbe wa sendika wayaandike haya kwenye karatasi ya madai, kando ya bei ya unga.