Neno "Magazine" ni la Nani?

Napenda kutoa rai yangu juu ya jambo lililozua ubishi tulipokuwa tukitayarisha toleo hili.

Ndugu yetu mmoja alitaka neno "magazine" liondolewe kwenye jalada, pawekwe "jarida". Hoja yake ni kuwa hilo ni neno la Wazungu, halistahiki kukaa juu ya kitabu kinachofunguliwa kwa Bismillahi. Wengi walimuunga mkono. Mimi siku ile nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na ushahidi.

Ndugu zangu wanafunzi, katika somo la sarfu tumejifunza kuwa kutokana na kataba hupatikana maktab, na kutokana na darasa hupatikana madrasa, yaani mahali pa kufanyia jambo. Basi kutokana na khazana, aliweka akiba, hupatikana makhzan, ghala, na wingi wake makhaazin. Shina hilo hilo ndilo lililotupa "hazina" yetu, na limo katika Suratu Yusuf, aya ya 55, pale Nabii Yusuf (A.S.) alipomtaka mfalme wa Misri amweke juu ya maghala ya nchi. Wataliani walilipokea neno hilo kutoka kwa Waarabu wakalitamka magazzino. Wafaransa wakasema magasin, ambalo hata leo kwao ni duka. Uingereza lilifika karne ya 16 likiwa na maana ya ghala tu, hasa la silaha na baruti. Ndiyo maana kile kikasha cha risasi cha bunduki nacho huitwa magazini. Mwaka 1731 Edward Cave alianzisha mjini London The Gentleman's Magazine, akikusanya humo habari na makala za magazeti mengine. Lilikuwa ghala la maandishi, na maana hiyo ikaenea.

Na "jarida" je? Asili yake ni kuti la mtende lililochunwa majani. Waarabu wenyewe walianza kuliita gazeti kwa jina hilo katika karne ya 19.

Hata hivyo, wale wanaotamba kuwa Kiingereza chote kimeibwa kwa Waarabu nao wamepotoka. "Algebra" ni kweli, imetokana na al-jabr ya Al-Khwarizmi. Lakini "sugar" Waarabu waliipokea kwa Wafursi, na asili yake ni Bara Hindi. Tena kama kuazima neno ni wizi, sisi Waswahili tungekuwa na kesi kubwa!

Kilichonisikitisha ni kuwa tulibishana juu ya jalada vikao viwili vizima, na siku ya mwisho ya kupokea makala zilikuwa zimeletwa tatu tu, mbili zikiwa zimenakiliwa.

Rai yangu ni neno libaki. Ndugu yetu aliyelipinga namwomba aandike jibu lake. Nafasi ipo katika toleo lijalo, insha Allah.