Ufukwe wa uongo Chumbageni? Mie sikubali

Najua nimepotea. TP imenibana, kila usiku maandalio ya somo mpaka macho yanauma. Leo nimejipa nusu saa niandike kuhusu jambo lililotugawa hapa tulipopanga Chumbageni, na wala siyo siasa wala Coastal Union. Ni gemu la simu.

Gemu lenyewe ni Pokémon GO. Kwa msiolijua: unatembea na simu yako, kwenye ramani wanatokea wanyama wa kubuni, unawakamata, unawalisha, unawafundisha kupigana. Unapata na mayai ambayo hayaanguliwi mpaka utembee, mengine kilomita 2, mengine 5, mengine 10. Ukikaa kitako yai nalo linakaa. Wenzako unawatumia zawadi, unabadilishana nao wanyama. Ni gemu la taratibu, halina kelele za bunduki, na kwa mtu ambaye ametoka kupigizana kelele na kidato cha pili mikondo miwili, linatuliza kichwa wallahi.

Lilianza Julai 2016 huko Marekani na Australia, na kwetu Tanzania likafunguliwa rasmi Novemba mwaka huohuo, pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine kibao za Afrika. Ila kufunguliwa ni jambo moja na kuchezeka ni jingine. Vituo vya kuokotea mipira na mayai vilirithiwa kwa sehemu kubwa kutoka gemu la zamani la kampuni hiyohiyo ya Niantic, linaitwa Ingress, la mwaka 2012. Palipokuwa na wachezaji wengi wa Ingress, vituo vikajaa kila kona. Pasipokuwa nao pakabaki patupu. Sasa niambieni, mwaka 2012 Tanga hii nani alikuwa anacheza Ingress? Ndiyo maana mtu wa London anasimama kituo cha basi anakusanya vitu mpaka mfuko unajaa, na mie natembea mtaa mzima naangalia ramani ya kijani isiyo na kitu.

Hapo ndipo alipoingia kaka mmoja wa chumba cha pili, anasoma mambo ya kompyuta. Simtaji jina, atanuna. Yeye ana dawa. Tangu Desemba 2017 ramani ya gemu hili inatokana na OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha, bure, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Gemu linaangalia ramani hiyo ili lijue hapa ni bustani, hapa ni maji, hapa ni mji. Mwaka 2024 wakaongeza mandhari za fukwe, na kuna mnyama mmoja, Wiglett, kama mkunga mwembamba anayechungulia kutoka mchangani, anatokea ufukweni. Basi hoja ya kaka ni hii: tuingie kwenye ramani, tuchore ufukwe hapa nyuma ya nyumba na bustani kubwa pale mbele, tungoje wanyama waje wenyewe. "Mwalimu, anaumia nani?" ndivyo anavyoniuliza kila jioni, akiwa na chapati yangu mkononi.

Kwanza si wazo lake. Mwaka huohuo wa 2024 wachezaji wa nchi za watu walifanya hivyohivyo, wakachora fukwe kwenye viwanja vya gofu na nyuma ya nyumba zao, na wachora ramani wa kujitolea wakabaki wanahangaika kuzifuta. Tangu 2017 kulikuwa na bustani za uongo vilevile. Pili, hata faida yenyewe ni ya kubahatisha. Gemu halisomi ramani kila siku, linachukua nakala mara chache. Ufukwe wako utafutwa kabla Wiglett hajasikia habari zake, na kila badiliko limeandikwa jina la akaunti yako na tarehe. Yaani unaacha alama za vidole.

Lakini hayo ni mambo ya ufundi. Mie kinachonikera ni lile swali lenyewe, anaumia nani.

Ramani ile siyo ya gemu. Gemu limeazima tu. Dar es Salaam kuna mradi wa Ramani Huria, ulianza mwaka 2015, wanafunzi wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi wakaingia mitaani pamoja na wenyeji wakachora mitaro, nyumba na vichochoro vya kata zinazofurika mvua ikinyesha. Kabla yao, mwaka 2011, Tandale ilichorwa kwa mtindo huohuo. Vyote vimo kwenye OpenStreetMap. Kuna na Crowd2Map, tangu 2015 nao, watu wa kujitolea wanachora vijiji vya Tanzania juu ya picha za setilaiti. Kule mkoa wa Mara ramani hizo zimetumika kuwafikia mabinti wanaokimbia kukeketwa. Hebu fikiri, binti amepiga simu usiku, ametaja kijiji, na gari la kumwokoa linafuata njia iliyomo kwenye simu. Sasa kama njia ile kaichora mtu anayetaka mayai ya gemu?

Kaka anasema natisha watu, Chumbageni siyo porini, kila mtu anajua njia. Sawa, wewe unajua. Anayekuja na gari la wagonjwa kutoka mbali hajui. Isitoshe ramani ni kitu cha kuaminiana. Ukishaikuta na bustani moja ya uongo, huna tena sababu ya kuamini kisima kilichochorwa pembeni yake.

Ana hoja moja lakini ambayo siwezi kuikwepa. Anauliza kwa nini tuwachoree bure matajiri. Mwaka 2025 Niantic waliuza magemu yao, hili likiwemo, kwa kampuni ya Scopely kwa dola bilioni 3.5. Bilioni, wadau! Na sisi huku tunagawana bando la siku. Hapo namuunga mkono nusu. Kazi ya kupendekeza vituo vipya ndani ya gemu, kupiga picha, kuandika maelezo, kusubiri wakukubalie, ile ni kazi ya kampuni na inabaki kwa kampuni, mie siwezi kumlaumu mtu akiikataa. Lakini OpenStreetMap siyo mali ya Scopely wala ya nani. Unachochora leo kinatumiwa na daktari, mwalimu, dereva wa bodaboda, na gemu likifa kinabaki palepale. Hiyo mie nachora bila kinyongo.

Na tena jamani, ufukwe wa uongo wa nini Tanga? Sisi siyo Dodoma. Raskazone ile pale, bahari ya kweli, na mchanga unaoingia kwenye viatu. Ukienda kwa miguu na kurudi, yai lako la kilomita 5 kama halijapasuka basi limekaribia. Baiskeli nayo ipo, mji wetu ndio unasifika kwa baiskeli, ila nenda polepole maana ukikimbia gemu halihesabu. Halafu kuna Tropius, mnyama mwenye mabawa kama majani ya mgomba na matunda kama ndizi yananing'inia shingoni. Kwa kawaida anapatikana sehemu chache tu za dunia, na Afrika ni mojawapo. Mchezaji wa Tokyo anamtamani na hampati mtaani kwake. Wapo vijana wetu wanaodanganya simu ionyeshe wako Tokyo, wakati wa Tokyo wangetoa chochote waonekane wako Tanga. Mie huwa nacheka.

Kwa mtu wa jiografia kama mie kuna na hili: mada ya kusoma ramani watoto wanaichukia, wanaona mistari tu. Nimewauliza wangu, wachache sana wamewahi kuona mtaa wao kwenye ramani yoyote. Sasa umpe mtoto simu, aone kichochoro cha kwao hakipo, akiweke yeye. Kuna programu ya bure ya Android, StreetComplete, inakuuliza vitu vidogovidogo ukipita: barabara hii ni ya lami au vumbi? Hapa pana taa? Ukijibu unapewa nyota. Nayo ni kama gemu, ila ukimaliza kuna kitu kimebaki.

Kwa hiyo Jumamosi saa kumi jioni, jua likipoa, tunaanzia mtaani kwetu Chumbageni, tunaandika njia, mabomba ya maji na mitaro iliyopo kweli. Simu shikeni vizuri, vibaka hawachezi gemu. Bando kila mtu aje na lake. Kaka wa chumba cha pili naye kasema atakuja, kwa sharti moja, tumalizie Raskazone. Anamtaka Wiglett wake.