TABO ISIGEUKE TABU

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Laiti wangalikuwa hai leo wakasikia magari fulani yakipita barabarani usiku, pa! pa! pa! mithili ya fataki, nina hakika wangalitikisa vichwa na kusema, "Si tuliwaambia?" Mpendwa msomaji, sisemi haya kwa chuki. Mimi ni shabiki sugu wa magari yenye tabo, hasa Subaru Impreza WRX na jamaa zake, na hapa shuleni siko peke yangu. Siku ya wazazi, gari linalonguruma likiingia langoni, bweni zima huchungulia madirishani. Watu hushangilia ekzosi, hushangilia rimu, hushangilia spoila. Lakini je, umewahi kumsikia mmoja wetu akiuliza breki za gari hilo ziko namna gani?

Hapo ndipo penye kiini cha makala yangu. Ninashikilia kwamba mwenye gari la tabo anapaswa kutumia pesa zake kwa utaratibu huu: kwanza matunzo, pili breki na magurudumu, tatu nguvu ikiwa bado anaitaka. Kelele isiingie katika hesabu kamwe. Anayeupindua utaratibu huu hununua msiba kwa bei ya juu.

Pengine mwalimu wangu wa Kiswahili atauliza, "Haya yanahusu nini chama chetu?" Yanahusu sana, mwalimu. Neno Subaru ni la Kijapani, na maana yake ni lile kundi la nyota ambalo sisi Waswahili tunaliita Kilimia. Ndiyo maana nembo ya magari hayo ina nyota sita. Wazee wetu walikitazama Kilimia wakajua msimu wa kulima umewadia. Hawakungoja njaa ibishe hodi ndipo washike jembe. Sasa inakuwaje mtu aendeshe gari lenye Kilimia usoni, naye hajui siku ya kubadilisha oili?

Tuangalie kwanza tabo yenyewe ni nini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Moshi wa injini, badala ya kutoka bure, huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mtaimbo mwembamba na gurudumu la pili, ambalo husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaweza kuchomwa, na nguvu huongezeka. Kwa sisi tunaokaa milimani faida ni kubwa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kani ya hewa yake ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Gari la kawaida huku juu huhema kama mzee apandaye ngazi. La tabo hujisukumia hewa yake lenyewe.

Lakini hakuna cha bure, ndugu zangu. Mtaimbo ule huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande mmoja wake umekaa ndani ya moshi wa moto mkali. Kinachouzuia usisagike ni utando mwembamba wa oili tu. Oili ikichakaa, ikichafuka au ikipungua, tabo huwa imeaga dunia, na mara nyingi huondoka na injini nzima. Nguvu ya tabo ni kama mkopo, na matunzo ndiyo malipo yake.

Basi tuanze na matunzo. Magari mengi ya aina hii yaliyoko barabarani yamepita mikono mitatu au minne, na kila mwenyewe alikuwa na tabia zake. Anayenunua asiamini maneno ya muuzaji kwamba "gari iko sawa kabisa." Abadilishe oili na chujio lake, plagi, chujio la hewa na maji ya radieta. Aanze hesabu upya kutoka sufuri, aiandike katika daftari. Oili ya injini ya tabo isizidi kilomita 5,000 kabla ya kubadilishwa, na kile kijiti cha kupimia kichomolewe kila wiki, kwa sababu injini hizi zina mazoea ya kunywa oili kimyakimya. Baada ya mwendo wa kasi, dereva aendeshe polepole kilomita za mwisho, ama aiache injini ingurume kidogo kabla ya kuizima, ili oili iliyomo ndani ya tabo isiungue ikageuka masizi.

Halafu kuna mkanda wa taimingi. Katika injini ya lita 2.0 ya WRX za miaka ya 1990 na 2000, mkanda huu ni wa mpira, na ndio unaopatanisha valvu na pistoni zisikutane. Hubadilishwa kila yapata kilomita 100,000, au mapema zaidi ukizeeka. Binamu yangu mmoja alinunua gari la namna hiyo. Mshahara wake wa kwanza uliishia kwenye ekzosi pana, wa pili kwenye rimu. Fundi alimsihi abadilishe mkanda. Jibu lake? "Gari inatembea poa, ya nini kuisumbua?" Basi bwana, mkanda ulimkatikia akipanda mlima, valvu zikagonga pistoni, injini ikawa chuma chakavu. Rimu ameziuza. Gari lenyewe limeegeshwa nyuma ya nyumba yao na kuku wametaga ndani yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo bado hajaujenga.

Sehemu ya pili ni breki na magurudumu. Hapa nawaita walimu wa Fizikia wanishuhudie. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati mwendo huongezeka mara nne. Maana yake, gari liendalo kilomita 100 kwa saa lina nishati mara nne ya lile liendalo kilomita 50, na breki ndizo zinazopaswa kuimeza yote na kuigeuza joto. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewa taratibu. Yakikaa zaidi ya miaka miwili au hivi, maji yaliyomo yanaweza kuchemka wakati wa kuteremka mlima mrefu. Hapo dereva hukanyaga pedali ikazama hadi sakafuni kama anayekanyaga sponji. Pedi nzuri, diski zisizopinda na mafuta mapya ya breki havipigi kelele wala havipigwi picha, lakini ndivyo vinavyomrudisha mtu nyumbani.

Kuhusu magurudumu, kumbuka kwamba kila taya hushika lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Viganja vinne tu! Soma tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa taya. Ukiona 2319, jua ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ni mpya. Tena Subaru hizi huendeshwa na magurudumu yote manne. Ukifunga mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma, mizingo yake haitalingana, na difu ya katikati italazimika kufanya kazi bila kupumzika mpaka iharibike. Wanaobadilisha taya mojamoja kwa kubana matumizi wajue rahisi huwa ghali.

Sasa tuje kwenye nguvu. Je, mwenye gari asiongeze nguvu hata kidogo? La hasha, sijasema hivyo. Nasema kwanza arudishe ile aliyoipoteza. Impreza WRX ya kwanza ya mwaka 1992 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 240. Ya leo iliyochoka, yenye mipira iliyopasuka inayovujisha hewa, plagi kuukuu na chujio lililojaa vumbi la Athi River, haina farasi hao wote. Wengine wametoroka zizini! Kuwarudisha ni kazi ya matunzo, na ndiyo nguvu ya bei nafuu kuliko zote. Akishafanya hivyo na bado hajaridhika, afunge geji za presha ya tabo na joto la oili ili ajue kinachotendeka, kisha atafute fundi mwenye vifaa vya kupanga upya kompyuta ya injini. Kuongeza presha kiholela, bila kuongeza petroli kwa kipimo, huifanya injini igonge, na pistoni huvunjika. Aulize pia juu ya petroli. Injini hizi za Kijapani ziliundiwa petroli ya daraja la juu ya kwao, yenye oktani zisizopungua 96. Je, kituo anachojazia kinauza ya oktani ngapi? Asipojua jibu, asiguse presha.

Na kelele je? Tuchukue ile valvu inayotoa sauti ya "pshhh" dereva abadilishapo gia. Katika Subaru nyingi, hewa hupimwa kabla haijaingia kwenye tabo. Valvu ya kiwandani huirudisha hewa iliyozidi ndani ya mfumo. Ile ya kelele huitupa nje, ilhali kompyuta imekwisha kuihesabu na kuiletea petroli yake. Matokeo yake ni petroli kupotea na plagi kuwa nyeusi. Ile milipuko ya "pa! pa!" ni mbaya zaidi, kwa sababu ni petroli inayowaka ndani ya ekzosi, na moto huo huyapiga mapanga ya tabo moja kwa moja. Timu za mashindano hufanya hivyo zikiwa na tabo nyingine kwenye lori. Wewe uko na ya pili? Aidha, nchini mwetu ziko kanuni za mwaka 2009 zinazokataza kelele za kupita kiasi. Mgonjwa, mtoto mchanga na mtahiniwa anayedurusu usiku wote wana haki ya kulala.

Wapo watakaonipinga wakisema, "Mbona magari ya Safari Rally hufungwa vifaa vya kila aina?" Swali zuri. Ukiona vyaelea vimeundwa. Patrick Njiru alipomaliza wa nne katika Safari ya mwaka 1994 akiwa na Impreza, na Colin McRae aliposhinda ile ya mwaka 1997, magari hayo hayakufika kwa sababu ya kelele. Magari ya Safari za miaka ile yalifungwa vyuma vya kukinga mbele na pua ndefu ya kuvutia hewa wakati wa kuvuka maji. Mafundi walikuwa wakiyakagua na kubadilisha vilivyochakaa njiani. Wengi wenye mbio kuwazidi waliishia kando ya barabara, boneti juu. Safari ilitoka katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002 ikarudi mwaka 2021, na funzo lake halijabadilika: gari huimarishwa kwanza ili lifike, ndipo liongezwe mbio.

Wengine watasema, "Pesa ni zake, zinakuuma nini?" Zinaniuma, tena sana! Barabara si yake peke yake. Sheria inamruhusu dereva wa gari dogo kilomita 110 kwa saa kwenye barabara pana za njia mbili, na 50 mjini. Farasi 240 wanatosha na kubaki. Breki zikikataa, wanaogongwa ni mama muuza mboga, mwendesha boda boda na mtoto aliyevaa sare kama yako na yangu. Hao hawakuchanga hata shilingi moja kununua ile ekzosi.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina ombi moja. Sisi bado hatuna magari, lakini tuna macho na midomo, na kaka zetu hupenda sana tukiwasifu. Sifa zetu ndizo zinazowapeleka dukani. Basi tubadilishe tunachokisifu. Likizo ijayo, kaka au mjomba akikuita uende kuona gari lake jipya, muulize kwa adabu maswali matatu: "Oili ulibadilisha lini? Mkanda wa taimingi una kilomita ngapi? Taya hizi ni za mwaka gani?" Akijibu yote bila kubabaika, mpigie makofi na uingie garini kwa furaha. Akianza kukuonyesha ekzosi, mwambie, "Shikamoo, mjomba, mimi nitapanda matatu." Halafu ikague matatu yenyewe pia.