Kabla minara ya upepo haijasimama Pwani, tuulize kuhusu ndege na popo

Kwa karne nyingi Pwani yetu imeishi kwa upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Leo upepo huo huo unatafutwa kwa kazi nyingine: kuzalisha stima. Mradi wa Baharini kule Mpeketoni, Lamu, uliopangiwa megawati 90, umezungumzwa kwa zaidi ya mwongo mmoja, na karibu mazungumzo yote yamehusu ardhi na fidia. Ni haki yawe hivyo, kwa maana mkulima huuliza kwanza habari ya shamba lake. Lakini liko suala la pili ambalo ni nadra kulisikia barazani, nalo ni ndege na popo.

Nisieleweke vibaya. Naiunga mkono kawi ya upepo. Watu wa Lamu walipinga mtambo wa makaa ya mawe, na mwezi Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake, sababu mojawapo ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Anayekataa makaa hana budi aseme anataka nini badala yake. Mimi nataka upepo na jua. Ninachosema ni kwamba yako madhara yanayoweza kupunguzwa kwa gharama ndogo sana, mradi tuyadai mapema.

Tuanze na madhara yenyewe. Mtambo wa upepo ukiutazama kwa mbali unazunguka polepole, kama pangaboi iliyowekwa namba moja. Sivyo ulivyo. Ncha ya panga lake inaweza kupita kilomita 250 kwa saa. Tumbusi anayeelea angani akitafuta mzoga huangalia chini, si mbele. Popo naye huruka usiku, na kwa sababu ambazo wataalamu bado wanajadili, baadhi ya aina huikaribia mitambo hiyo, hasa usiku ambao upepo ni mdogo na wadudu ni wengi.

Kuna atakayesema kwamba paka, sumu na nyaya za stima huua ndege wengi kuliko mitambo ya upepo. Ni kweli. Hata hapa Kenya, kinachowamaliza tumbusi zaidi ni sumu. Lakini hesabu ya vifo peke yake haitoshi. Kuku akifa, mwengine ataangua kesho kutwa. Tumbusi hutaga yai moja kwa msimu, na popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Viumbe wa namna hiyo, ukiwapunguza kidogo kidogo kila mwaka, hawajazi pengo.

Na popo si kiumbe wa kupuuzwa, ijapokuwa tunamlaumu kwa maembe yetu. Mbuyu huchanua usiku, na popo wala matunda ni miongoni mwa wanaobeba chavua yake kutoka ua hadi ua. Wale wadogo wanaolala kwa maelfu katika mapango ya Shimoni hutoka magharibi kula wadudu. Ukienda hori la Mida kati ya Septemba na Aprili utawakuta vitwitwi na sululu waliokimbia baridi ya kaskazini. Delta ya Tana imo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa tangu 2012. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wahamao wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969, kwa sababu usiku wa ukungu mwezi Novemba na Disemba taa za hoteli huwavuta kwa maelfu. Yaani anga yetu ni njia, hata wakati ambapo sisi tumelala.

Je, dawa ipo? Ipo, na nyingine imeshajaribiwa humu nchini. Kule Kipeto, Kaunti ya Kajiado, kuna mitambo 60 inayozalisha megawati 100. Eneo hilo hutumiwa na tumbusi wa aina mbili walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Basi wamewekwa watazamaji, wakiwemo vijana wa hapo hapo, ambao kazi yao ni kuangalia anga. Tumbusi akikaribia, mtambo husimamishwa mpaka apite. Mifugo ikifa karibu na mitambo, mizoga huondolewa ili isiwaite ndege.

Mwenye kuogopa hasara aangalie Uhispania. Huko Tarifa, mkoa wa Cádiz, mitambo ilipoanza kusimamishwa tumbusi wanapokaribia, vifo vyao vilipungua kwa nusu. Stima iliyopotea ilikuwa kama asilimia 0.07 kwa mwaka. Kwa kila shilingi elfu moja za mapato, hiyo ni senti 70.

Kwa popo, dawa ni rahisi zaidi. Mitambo mingi huanza kuzalisha stima upepo unapofika mita 3 au 4 kwa sekunde. Upepo wa kiasi hicho huleta stima kidogo sana, lakini ndio ambao popo hupenda kuruka. Katika majaribio yaliyofanywa Pennsylvania, Marekani, mwaka 2008 na 2009, mitambo iliachwa bila kuzunguka katika usiku wa msimu wa hatari mpaka upepo ulipofika mita 5 au zaidi kwa sekunde. Vifo vya popo vilipungua kwa kati ya asilimia 44 na 93, na hasara haikuzidi asilimia moja ya stima ya mwaka mzima. Norway nao, katika kisiwa cha Smøla, walipaka rangi nyeusi panga moja kati ya matatu kwenye mitambo minne, na vifo vya ndege vikashuka kwa zaidi ya asilimia 70. Mitambo minne ni michache kuifanya sheria, lakini rangi si ghali kuijaribu.

Hata hivyo, dawa iliyo kubwa kuliko zote haihusu mtambo bali mahali. Mnara uliosimamishwa kwenye njia ya ndege au karibu na pango la popo hauhamishiki. Hapo ndipo neno "mapema" linapokuwa na uzito. Mradi ukishapata mkopo wa benki na mkataba wa kuuza stima, kila saa ya mtambo imeshahesabiwa. Kumwambia mwekezaji wakati huo asimamishe mitambo usiku ni kumwomba hisani. Sharti likiandikwa ndani ya leseni tangu mwanzo, analihesabu kama gharama nyingine yoyote na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo kikao cha ushirikishaji wa umma kitakapoitishwa, Lamu, Tana River, Kilifi au kokote, napendekeza tuende na maswali manne. La kwanza: ndege na popo wa hapa walichunguzwa kwa msimu wa kusi na wa kaskazi, mchana na usiku, au mtaalamu alikuja wiki moja akaondoka? La pili: mitambo itasimamishwa lini, na nani mwenye amri ya kuisimamisha? La tatu: nani atahesabu mizoga? Fisi na mbwa huokota mapema, kwa hiyo kutoona mzoga si ushahidi kwamba hakuna kilichokufa. La nne: hesabu hiyo itachapishwa wapi ili mwananchi aisome?

Nawaomba pia wanasiasa wetu wasiwafanye ndege kisingizio. Kuna atakayedai leo kwamba anamtetea popo, ilhali kilichomuudhi ni kukosa zabuni. Maswali haya manne hayakusudiwi kuufunga mlango wa mradi. Mwekezaji mwenye nia njema atayajibu kwa siku moja, na huenda vijana wetu wakapata kazi ya kutazama anga kama wenzao wa Kajiado.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu kuuziba ni senti 70 kwa kila shilingi elfu. Ukuta wake hatutaweza kuujenga, kwa sababu tumbusi na popo waliokwisha hawauzwi dukani.