Mtoto wa Unguja na Vinanda vya Umeme

Hapa Mikese umezuka ubishi juu ya vijana wanaopiga singeli kwa kompyuta harusini. Baadhi ya wazee wamependekeza wapigwe marufuku, kwa hoja kwamba muziki wa mashine si muziki bali ni uhuni. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini hoja yao hatuikubali.

Wazee hao hao wanamlilia hadi leo Mbaraka Mwinshehe, fahari ya Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Wasisahau kwamba gitaa lake nalo lilinguruma kwa umeme.

Tena hoja hii, na hapa tunawaomba ndugu zetu wa Visiwani watege sikio, iliwahi kushikiliwa na mabingwa wa muziki, kisha wakaiacha wenyewe. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, huko Uingereza. Katika miaka ya 1970 bendi hiyo ilikuwa ikiandika katika majalada ya santuri zake kwamba humo hamna kinanda cha elektroniki hata kimoja. Yalikuwa majisifu: kila mlio umetoka kooni au mkononi mwa binadamu. Mwaka 1980, katika santuri ya The Game, kinanda hicho kikaingia, na bendi haikufa.

Mwaka 1984 Mercury alishirikiana na Giorgio Moroder, Mwitalia aliyebobea katika muziki wa mashine, wakatoa Love Kills kwa ajili ya Metropolis, filamu ya kimya ya mwaka 1927 iliyokuwa ikifufuliwa. Mwaka huo huo Queen ilitoa Radio Ga Ga, wimbo wa mpiga ngoma wao Roger Taylor, uliojengwa juu ya vinanda na mapigo ya mashine. Tarehe 13 Julai 1985, umati uliofurika uwanja wa Wembley uliupigia makofi kwa pamoja.

Hatusemi kwamba Mercury ndiye aliyeuvumbua muziki huo. Wajerumani wa Kraftwerk walimtangulia. Lakini mvumbuzi husikilizwa na wachache. Mwenye umati nyuma yake akikikubali chombo, umati nao hukizoea.

Yako mambo katika maisha yake ambayo sisi tuliolelewa chuoni hatuyapigii debe, na tunafahamu kwamba mwaka 2006 sherehe ya kumkumbuka ilifutwa Zanzibar baada ya malalamiko. Hapa tunapima kazi tu.

Sasa tuwageukie viongozi wa serikali. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Morogoro, nasi sote tunaiita maendeleo. Vipi basi kinanda cha umeme kiitwe uhuni? Vijana wa Mikese wanatumia kompyuta chakavu ya kuazima, na hakuna aliyewafundisha hata kusoma noti. Makelele ya usiku wa manane yana sheria yake, na itumike. Lakini chuo cha sanaa kipo Bagamoyo, na Zanzibar kipo Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, katika visiwa ambako taarabu ya kisasa ilikwisha kukipokea kinanda. Tunaomba darasa moja la shule lifunguliwe jioni, umeme wake ulipiwe, na mwalimu mmoja kutoka huko Visiwani aletwe walau kwa miezi mitatu.